Herufi Haisimami Bila Mwanga

Neno la kwanza nililojaribu kulisimamisha kwa 3D, lionekane lina unene, lilikuwa TAMASHA. Herufi saba za rangi ya chungwa, katikati ya bango. Nilifungua Photoshop, programu ya kuhariri picha, kwenye dirisha la staili za leya (tabaka zinazopangwa juu ya nyingine), nikaweka tiki karibu kila kisanduku: beveli (ukingo ulioinama kama umekatwa mshazari), kivuli cha nje, kivuli cha ndani, mng'ao, grediyenti (rangi inayobadilika polepole), na mstari mweupe wa kuzunguka. Kila tiki ilinipa furaha. Nilikaa mpaka usiku wa manane nikisogeza vitelezi, na nilipolala nililala nikiamini nimemaliza.

Aliyeniagiza kazi alilitazama bango kimya kwa muda. Kisha akasema, "Fundi, ni zuri, lakini hayo maneno yanaelea. Kama stika."

Hakuwa mtu wa usanifu wala hakujua kueleza kinachomkera, ila jicho lake lilikuwa limeona sawasawa. Mimi nilijibu kwa kuongeza. Nikanenepesha beveli, nikakoleza kivuli, nikaongeza mng'ao. Neno likazidi kuelea.

Ulipita mwaka na zaidi ndipo nikalifungua tena faili lile, na kosa likawa wazi mara moja. Picha ya nyuma ilikuwa ya jukwaa usiku. Taa zote zilikuwa upande wa kulia, na kila nguzo ilitupa kivuli chake kushoto. Herufi zangu ziliangazwa kutoka kushoto juu, kwa sababu ndivyo pembe ilivyokuwa imewekwa na sikuigusa. Kivuli chake kiliangukia kulia, kikizielekea taa. Mng'ao wa nje nao ulidai kwamba herufi zenyewe zinawaka. Vyanzo vitatu vya mwanga katika picha moja, na hakuna hata kimoja kilichokubaliana na mwenzake. Tangu siku hiyo, kabla sijachagua fonti wala rangi, natafuta kwanza mwanga uko wapi kwenye picha ninayoiwekea maneno. Nachora mshale mdogo mwekundu kwenye leya ya juu kabisa, unaoonyesha mwanga unakotoka, na siufuti mpaka kazi iishe.

Jambo hili lina mizizi ndani ya macho yetu. Mwanasayansi V. S. Ramachandran alilionyesha mwaka 1988 kwa picha rahisi za miduara yenye grediyenti ya kijivu. Mduara uliong'aa juu na kufifia chini huonekana umevimba kama kitufe. Ule uliong'aa chini huonekana umebonyea kama kishimo. Pindua karatasi juu chini, na vitufe vinakuwa vishimo, vishimo vinakuwa vitufe. Ubongo unachukulia kwamba mwanga ni mmoja na unatoka juu, kama jua, na kwa msingi huo unaamua kipi kimeinuka na kipi kimezama. Ukijua hivyo unaelewa kwamba beveli ni michirizi miwili tu, mmoja wa mwanga na mmoja wa giza, na kwamba kazi yote ya kuviona vitu vikiwa na umbo anaifanya mtazamaji. Ukimpa ishara zinazopingana, hawezi kuikamilisha.

Mimi nililipia somo hili mara ya pili kwa njia nyingine. Katika Photoshop kuna mwanga wa jumla, pembe moja inayotumiwa na leya zote zilizoruhusiwa kuifuata. Nilikuwa nimemaliza neno kubwa, limeinuka vizuri, nikashuka kwenye kichwa kidogo cha chini kukiwekea kivuli. Nikageuza pembe ili kivuli kielekee juu badala ya kushuka, maana chini palikuwa na maandishi mengine. Nikahifadhi, nikatuma. Kesho yake nilipolifungua faili, neno kubwa lilikuwa limezama ndani ya ukuta kana kwamba limechimbwa kwa patasi. Pembe niliyoigeuza kwa ajili ya kichwa kidogo ilikuwa imegeuza kila kitu. Sasa nikitaka leya moja iende kivyake, naiondolea tiki ya mwanga wa jumla kwanza. Lakini pia najiuliza kwa nini iende kivyake. Mara nyingi sababu haipo.

Kilichonifunza zaidi ya programu yoyote ni boksi la katoni. Nilikata herufi T mara kadhaa kutoka kwenye kuta za boksi, nikazigandisha kwa gundi mpaka unene ukafika kama sentimita tatu, nikaisimamisha juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, na taa ya mezani nikaiweka kushoto. Nilikaa mbele yake karibu saa nzima. Naomba nieleze nilichokiona, kwa sababu kila kimoja kilibadilisha namna ninavyofanya kazi.

Pale mguu wa T ulipogusa karatasi palikuwa na mstari wa giza jembamba kama uzi, karibu mweusi kabisa. Ndipo mahali pekee kwenye meza palipokuwa na weusi wa kweli. Kuanzia hapo kivuli kililala kwenda kulia, na ukingo wake karibu na mguu ulikuwa mkali kana kwamba umekatwa kwa mkasi, lakini kadiri kilivyokwenda mbali ulilainika, mpaka kule mwisho sikuweza kusema kivuli kimeishia wapi. Na hakikuwa cheusi. Kilikuwa na ubluu, maana mwanga wa manjano wa taa haukufika pale, na mwanga wa dirishani ndio uliobaki kukijaza. Ubavu wa herufi usiotazama taa nilitarajia uwe na giza sawasawa kutoka juu hadi chini, lakini chini ulikuwa na weupe kidogo. Karatasi ilikuwa inaurudishia mwanga. Niliteleza jalada jekundu la daftari pale chini, na ubavu ukapata wekundu. Kisha ukingo wa juu, ule ulioikabili taa: ulikuwa na mstari mwembamba uliong'aa kuliko uso wenyewe, kwa sababu hata kona ya katoni haikatiki ikawa kali kabisa. Ina mviringo mdogo, na katika mviringo ule daima kuna mahali panapoikabili taa moja kwa moja.

Kivuli cha nje cha tiki moja hakiwezi kusema yote hayo. Kina ukungu ule ule kila mahali na weusi ule ule kila mahali, na ndiyo maana herufi huelea: kivuli cha namna hiyo ni cha kitu kilichoning'inia mbele ya ukuta. Ukitaka herufi isimame chini, lazima iguse chini. Siku hizi kivuli nakijenga kwa leya tatu. Ya kwanza ni ule uzi wa giza kwenye mguso, ukungu wa pikseli (nukta zinazounda picha) mbili au tatu tu. Ya pili ni kivuli kifupi. Ya tatu ni kile kirefu, ambacho nakipata kwa kunakili neno, kulijaza rangi moja, kulilaza kwa zana ya kupindisha, kisha nakipa maski ya grediyenti, kifuniko kinachoficha sehemu ya leya polepole, ili kififie kinapokwenda mbali, na ukungu nao nauongeza huko mwishoni. Rangi ya kivuli naichovya kutoka sehemu yenye giza ya picha ya nyuma, sitaki nyeusi tupu, na leya naiweka kwenye modi ya Maltiplai, inayotia giza kilicho chini bila kukifunika, ili umbile la sakafu lionekane kupitia kivulini. Sakafu ikiwa ya mbao, mistari ya mbao inapita chini ya kivuli bila kukatika. Uzi wa giza ndio unaofanya kazi kubwa kuliko vyote. Uzime, neno linaondoka chini. Uwashe, linakanyaga.

Unene wenyewe, yaani ubavu wa herufi, naujenga kwa mkono hata leo kwenye kazi nyingi. Njia ni rahisi. Andika neno kwa fonti nene, chagua zana ya kusogeza, shikilia Alt, kisha bonyeza mshale. Kila unapobonyeza, Photoshop inazaa nakala ya leya iliyosogea pikseli moja. Ukienda kulia moja na chini moja, mara 30 au 40, unapata unene. Kisha unaunganisha nakala zote isipokuwa ile ya uso, unazipa rangi ya giza zaidi, na neno limepata mwili. Ukitaka ubavu ukimbilie mbali, kama barabara inavyozidi kubanana kuelekea upeo, badala ya kusogeza unapunguza ukubwa kidogo sana, asilimia moja au nusu, kisha unairudia hatua ile ile kwa Ctrl, Alt, Shift na T. Hapo uchague mapema mahali mistari yote inapokutania, na iwe ni pale pale mistari ya picha ya nyuma inapokutania, la sivyo neno litaishi katika chumba chake peke yake.

Njia hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Vincent Figgins, mtengenezaji wa herufi za chapa wa London, aliingiza herufi zenye ubavu wa kivuli katika kitabu chake cha sampuli cha mwaka 1815. Zilichongwa kwa mkono, pikseli haijawaziwa. Nikizitazama naona swali lile lile: ubavu uende upande gani, na herufi ibaki inasomeka?

Kusomeka ndiko kunakoangusha wengi. Unene unakula nafasi. Ubavu wa herufi moja unamwangukia jirani yake, na matundu ya ndani ya A na ya S yanaziba kutoka upande mmoja. Nililiona kwenye TAMASHA: nafasi kati ya herufi, iliyotosha kabisa neno likiwa bapa, ilimezwa nilipoongeza pikseli 40 za unene, na M ikawa imekanyagwa na A zilizoizunguka. Kwa hiyo naachanisha herufi kabla ya kuanza, mpaka neno bapa lionekane limetawanyika kupita kiasi. Unene ukija, linarudi mahali pake. Fonti nyembamba zenye vikia kwenye ncha naziepuka. Kikia chembamba kikipewa ubavu mpana kinageuka ukuta, na hutambui tena herufi iko wapi.

Kuna pia meno. Nakala zilizosogezwa kwa mshazari huacha ngazi ndogondogo kwenye kingo, na ukilikuza neno zinaonekana kama msumeno. Mimi nafanya kazi yote kwa ukubwa mara mbili ya ule ninaouhitaji, mwishoni naunganisha na kupunguza hadi nusu, na meno yanasagika.

Ubavu ukishapatikana bado ni bapa kama una rangi moja. Herufi T, H na M ni rahisi: nyuso za chini zinakuwa na giza zaidi, za pembeni giza kiasi, na mstari unaozitenganisha ni mkali. Nazichagua kwa laso, zana ya kuzungushia eneo, ya mistari iliyonyooka na kuzijaza moja moja. Kwenye S hakuna mstari. Ubavu unazunguka, kwa hiyo giza nalo lazima lizunguke, liingie na kutoka polepole. Hapo laso haifai kitu. Inabidi brashi laini.

Chuma kilinisumbua muda mrefu kwa sababu nilidhani dhahabu ni rangi. Nilikuwa nachukua manjano, naweka nyeupe juu na nyeusi chini, napata plastiki chafu. Kisha nikakitazama kijiko. Kijiko hakina rangi yake, kina chumba kizima ndani yake kilichopinda: dari juu, meza chini, na pale vinapokutana mstari wa giza. Grediyenti ya chuma inayoaminika ina mstari ule, mkali upande mmoja na laini upande wa pili, karibu na katikati ya herufi, kwa sababu ndio upeo, mahali anga linapokutana na ardhi. Bila upeo hakuna chuma. Na dhahabu haiingii kwenye weusi inapofifia. Inakwenda kwenye kahawia lenye wekundu. Mpangilio wa kawaida wa beveli unakupa nyeupe tupu kwa mwanga na nyeusi tupu kwa giza, na nadhani hizo rangi mbili ndizo zinazofanya kazi nyingi zifanane. Nazibadilisha zote mbili kabla ya kitu kingine chochote.

Grediyenti ndefu zina shida nyingine, ya mistari. Picha ya kawaida ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, yaani kwa nyekundu, kijani na bluu kila moja. Ukitandaza grediyenti inayotumia ngazi 60 tu juu ya pikseli 2,000, kila ngazi inachukua pikseli 33 hivi, na jicho linaziona kama mistari ya zulia. Chembechembe kidogo za noizi, hata asilimia moja, zinaivunja. Au anza kwa biti 16, yenye ngazi nyingi zaidi.

Sasa nieleze siku iliyoniuma. Nilikuwa nimetengeneza neno kwa ajili ya skrini, herufi zenye urefu wa pikseli 200 na beveli ya pikseli 8. Lilipendeza, likaombwa kwa ajili ya bango la kuchapishwa. Nikafungua ukurasa mpya wa pikseli 300 kwa inchi, nikaliburuta neno, nikalikuza kwa Ctrl na T zaidi ya mara nne, nikalipunguza ukubwa wa kuonekana ili nilitazame lote kwenye skrini, nikatuma. Bango lilirudi na herufi bapa. Nilisimama mbele yake nisijue nimuulize nani. Herufi zilikuwa zimekua hadi pikseli 830 hivi, beveli ilibaki 8 zile zile. Kilichokuwa sehemu moja katika 25 kilikuwa kimebaki sehemu moja katika 100, unyoya tu kwenye ukingo. Athari za leya hupimwa kwa pikseli, na ukikuza leya kwa mkono hazikuzwi pamoja nayo. Ipo amri ya kukuza athari, na ipo njia bora zaidi: kulifunga neno lote ndani ya smati objekti, kasha linalohifadhi leya na athari zake pamoja, kabla ya kulikuza. Kazi ya kuchapisha naianzia kwenye ukubwa wake halisi, na kabla ya kutuma naitazama kwa asilimia 100, kipande kwa kipande, hata kama inachosha.

Smati objekti iliniokoa na kosa jingine pia. Zamani nilikuwa nageuza maandishi kuwa pikseli mapema, halafu nazaa zile nakala 40. Siku moja tahajia ikakutwa na kosa, herufi moja tu, baada ya saa sita za kazi. Nilianza upya kutoka mwanzo. Sasa neno linakaa ndani ya kasha lake likiwa bado ni maandishi, nakala zote zinalirejea kasha hilo hilo, na nikisahihisha herufi moja ndani, zote 40 zinajisahihisha.

Wengine wataniuliza kwa nini nisitumie zana ya 3D moja kwa moja. Natumia, neno likihitaji kugeuka. Photoshop ilipata zana ya kunenepesha maandishi katika toleo la CS5 Extended, mwaka 2010, na mwaka 2021 Adobe wakaanza kuziondoa zana za 3D humo. Illustrator ina yake. Mimi naingia Blender, ambayo ni huria na bure: unaongeza maandishi, unaweka kiasi cha unene na beveli kwenye mipangilio yake, unaweka taa, unatoa picha isiyo na mandharinyuma na kuirudisha kwenye picha yako. Mbavu za S zinajipaka zenyewe, na uzi wa giza kwenye mguso unatokea ukiwa umeipa herufi sakafu ya kusimamia. Lakini taa bado utaiweka wewe. Nimeona kazi za Blender zinazoelea kama TAMASHA yangu ya kwanza, kwa sababu taa ya ndani ilikuwa kushoto na jua la kwenye picha kulia.

Kabla ya kufunga faili, nazima rangi zote na kulitazama neno kwa kijivu. Rangi inadanganya. Uso wa chungwa na ubavu mwekundu vinaonekana mbalimbali, kumbe kwa kijivu vinaweza kuwa sawa kabisa, na hapo herufi inajikunja kuwa doa moja. Juzi nililiandika tena TAMASHA, kwa kazi nyingine. Herufi sita zilisimama kwa kijivu bila shida. S ilikataa. Tumbo lake la chini, pale ubavu unapogeuka kutoka pembeni kwenda chini, lilikuwa na giza lililoanza mapema mno. Nilishusha ugumu wa brashi hadi sifuri na nguvu ya wino hadi asilimia 10, nikafuta kidogo, nikapaka kidogo, nikirudi nyuma ya kiti kila baada ya mara tatu. T ya katoni iko bado pembeni ya meza, imepauka upande wa dirishani. Niliigeuza ikae kwenye pembe ya ule mshale mwekundu, nikatazama giza linaanzia wapi, nikarudi kwenye S.